Besiboli: mutoto anakimbia kupita bote lakini namba zake ni kidogo. Kochi afanye nini?

Mjomba wa Himbi (Goma)

Bandugu jambo. Najua hapa batu mingi ni ba mupira na ba basket, lakini leo nakuja na besiboli, musinikimbie kwanza, ju swali yenyewe inagusa kila muchezo.

Mutoto wa dada yangu iko Texas na bazazi bake, ana miaka 16, anachezaka besi ya pili ku ekipe ya masomo yake (besi ni vile vituo mupigaji anakimbilia). Dada ananitumiaka video ku WhatsApp, minazivuta usiku wakati mega ziko bei ya chini, na polepole muchezo umeniingia, saa hii ata sheria zenye zilikuwa zinanichanganya minazijua.

Huyu mutoto ule moyo anaweka! Anapiga mpira unabiringika tu mbele ya mulinzi, mpira yenye kila mutu anajua ni auti, mupigaji atatolewa, yeye anakimbia mpaka anapita besi njo anageuka kuangalia. Inningi, njo raundi ya muchezo, ikiisha benzake banatembea, yeye iko tayari ku fasi yake anaita bengine. Kuko video moja nimeangalia mara mingi. Ilikuwa inaonyesha mutu mwingine kabisa, mulinzi wa besi ya tatu anatupa mpira kwenda besi ya kwanza, mpira ukaponyoka, na ku kona ya video unaona mutu anaingia mbio mbio nyuma ya besi ya kwanza, anaanguka juu ya mpira kwa kifua. Ni yeye. Alitoka besi ya pili akakimbia kule mbele ya kujua kama mpira utaponyoka. Anaonekana nusu tu, mukono na kofia, lakini mupinzani alibaki fasi yake, hakuongeza besi ata moja.

Sasa namba. Wastani wake wa kupiga ni .225. Mara 40 zenye ziliandikwa, hiti 9 (hiti ni mpigo yenye inamufikisha besi); 9 ugawe na 40 njo .225. Homu rani, ule mpigo wa kuzunguka besi zote, hakuna. Na kuko mutoto mwingine, murefu, mabega kama mutu mukubwa, ana .310 na anapiga mbali, lakini akipiga mpira wa chini anakimbia nusu njia anaachilia. Kochi anataka kumuweka huyu wa .310 ku besi ya pili na wa kwetu aende benchi.

Dada ananiuliza, kaka, ni haki hii? Ju yeye anaona tu mutoto anarudi magoti yamechunika, kisha wiki inayofuata anakaa.

Njo minauliza: nguvu na moyo wa muchezaji inaweza kupita namba zake ndogo, ao namba njo kila kitu? Moyo wangu uko upande wa mutoto, sifichi, lakini sitaki kumuambia dada kintu ya kumufurahisha tu. Munijibu kweli.

---

Kochi Katuba (Lubumbashi)

Papa wa Himbi, jambo yako. Miye besiboli sijue, lakini batoto ba namna hii minabajua muzuri, minafundishaka mupira huku Katuba kila saa kumi nyuma ya masomo.

Minakuambia kintu moja yenye nimeona na macho yangu. Ukitosha mutoto mwenye anakimbia ukaweka mwenye anatembea ju anafunga, ile siku unaweza shinda. Wiki ingine unaona beki anatembea. Kisha kiungo anatembea. Ju batoto banaangaliaka nani anapewa jezi, habasikilizake maneno yako ya mbele ya mechi, banaangalia nani iko ndani. Unabaki na ekipe nzima ya batembeaji na ule mufungaji hapati tena mpira wa kufunga, ju hakuna mwenye anaenda kuutafuta.

Tena, namba gani? Batu banasemaka namba, namba, lakini kila mutu anachagua yenye anapenda. Angalia Kanté, ule kiungo wa Ufaransa. Mwaka ya 2015 kwenda 2016 na Leicester alifunga goli moja tu ku shampiona nzima. Ukihesabu goli peke yake utasema kiungo gani huyu. Lakini mu kunyang'anya mipira na kukata pasi alikuwa wa kwanza Uingereza, na Leicester ikabeba shampiona. Na siye hapa, mu 2010 Mazembe, ekipe yetu ya Lubumbashi, ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, mutoto wa kila kartye anajua Kabangu na Kaluyituka ju njo balifunga. Lakini benye balifungia ba Brazil njia dakika 90, nani aliandika kilometa zao? Ule ushindi ulikuwa wao pia.

Lakini Papa, usikasirike, kuko na mbiyo ya bure. Miye niko na mutoto moja anatoka jasho kupita bote, kila mpira anaenda, kushoto anaenda, kulia anaenda, bazazi banamupigia makofi, na goli inapitaka paka fasi yenye aliacha wazi. Huyu minamuweka benchi bila kusita, na moyo wake wote. Kwa hiyo muulize dada: mutoto anakimbia fasi yenye inatakiwa, ao anakimbia tu? Ile video ya kuanguka nyuma ya besi ya kwanza inanionyesha anafikiri mbele. Huyo miye ningemushika.

---

Mwalimu wa Hesabu (Bukavu)

Mjomba, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Ibanda, besiboli naifuata kwa sababu hakuna mchezo mwingine unaoandikwa kama huo, kila mrusho unahesabiwa. Basi nitatetea namba, lakini pengine si vile unavyotarajia.

Mtu akiniambia "moyo ao namba" najua tayari kuna namba amezikosa. Hiyo .225 inajibu swali moja tu: katika zile mara zilizoandikwa, mara ngapi alipata hiti. Haisemi chochote kuhusu mara alizosimama akaacha mipira minne mibaya ipite akapewa besi bure, wala mara aliyogongwa na mpira. Zile hazimo kabisa, haziongezi wala hazipunguzi. Na mtoto akiwa besi ya kwanza yuko besi ya kwanza, mpinzani haulizi alifikaje. Huko Marekani wenyewe walichelewa sana hapo. Timu ya Brooklyn walikuwa na mtu wa takwimu, Allan Roth, tangu 1947, alikuwa anahesabu nani anafika besi, lakini ligi kuu iliifanya asilimia ya kufika besi kuwa takwimu rasmi mwaka 1984. Na timu ya Oakland mwaka 2002 wakashinda mechi 103, mfululizo mechi 20, na mishahara yao ilikuwa kama theluthi ya ile ya Yankees, timu ya New York, kwa kuwachukua wachezaji ambao wengine waliwadharau ju ya kuangalia namba isiyo ile.

Kwa hiyo tafadhali ulete hizi: alipewa besi bure mara ngapi, aligongwa mara ngapi, aliiba besi ngapi (yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mwenzake apige) na alikamatwa mara ngapi. Na za yule mwenzake vilevile, usilete za mtoto wako peke yake.

Sasa kuhusu mbio zenyewe, niwape watu wawili, wote walikuwa wanaingizwa kukimbia tu.

Wa kwanza ni Herb Washington. Oakland walimchukua mwaka 1974 kutoka riadha, mtu wa mbio fupi, kazi yake ilikuwa kuingia badala ya mtu aliye besi na kukimbia. Alicheza mechi 105 za ligi kuu bila kupiga mpira hata mara moja. Mbio alikuwa nazo kuliko kila mtu uwanjani. Aliiba besi 31, alikamatwa mara 17. Na kwenye fainali ya 1974, mechi ya pili, inningi ya mwisho, timu yake iko nyuma kwa pointi moja, wanamwingiza, mrushaji Mike Marshall anageuka na kumkamata nje ya besi. Auti.

Wa pili ni Dave Roberts, Boston, Oktoba 2004. Kwenye michuano ya kuingia fainali, anayeshinda nne ndiye anapita, Boston wamefungwa mechi tatu bila na Yankees, mechi ya nne wako nyuma 4-3, inningi ya tisa, na anayerusha ni Mariano Rivera wa Yankees. Roberts anaingizwa kumkimbilia mtu aliyepewa besi bure. Uwanja mzima unajua ataiba. Rivera anatupa mpira besi ya kwanza mara tatu ili amkamate. Akaiba. Mwenzake Mueller akapiga, Roberts akarudi nyumbani, yaani pointi, 4-4, Boston wakashinda mechi hiyo, wakashinda nne mfululizo, kisha wakabeba ubingwa wao wa kwanza tangu 1918. Roberts kwenye michuano yote ile hakupiga hata mara moja.

Watu wanasimulia hii kama hadithi ya moyo. Lakini mwaka ule Roberts alikuwa ameiba besi 38 na kukamatwa mara 3 tu. Zaidi ya 90 kwa mia. Washington alikuwa chini ya 65 kwa mia, na watu wa takwimu wanakubaliana kwamba ukiwa chini kidogo ya 70 unaiumiza timu yako, kwa sababu auti moja ni ghali kuliko besi moja. Kwa hiyo kochi wa Boston alipomwita Roberts hakuwa anacheza bahati. Moyo wake ulikuwa umeandikwa kwenye daftari.

---

Nyarugusu-Dallas

Shikamooni wakubwa. Mjomba, mimi wazazi ni wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, tukaja Dallas nikiwa mdogo. Besiboli nimecheza sekondari na sasa jumamosi naandika matokeo ya timu za vijana, naandika kwa mkono kabisa kwenye lile daftari la miraba. Kwa hiyo naomba niwaambie kitu ambacho Mwalimu hajakigusa, na kwa mtoto wa aina hii ndio kikubwa.

Mpigaji amepiga mpira dhaifu kwenda kwa shotistopi, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Anakimbia kweli kweli. Kutoka nyumbani hadi besi ya kwanza ni mita 27 na kitu, mtu wa ligi kuu anatumia sekunde nne na kidogo, kijana pengine tano kasoro. Shotistopi anainama, anaukamata, anainua kichwa anaona jamaa keshafika karibu, anaharakisha, anatupa kabla miguu haijakaa sawa, mpira unapita juu ya kichwa cha mwenzake. Mpigaji yuko besi, salama, watu wanashangilia. Mimi naandika E6, yaani kosa la shotistopi. Sasa kwenye wastani wa mpigaji ile inaingia sawa na auti. Sawa kabisa na mtu aliyepiga hewa mara tatu akarudi kukaa. Hata asilimia ya kufika besi anayoisifia Mwalimu inamhesabia kwamba HAKUFIKA, na yuko pale amesimama juu ya besi anafuta vumbi!

Na yule wa kukimbia nusu njia hapati kosa hilo, maana shotistopi anamwona anatembea, anapumua, anatupa taratibu. Mpira uleule, mpigo uleule, tofauti ni miguu tu, na kwenye karatasi wote wawili wameandikiwa sifuri.

Kuna na ile ya mwenzako yuko besi ya kwanza, unapiga chini, wanamtoa mwenzako besi ya pili halafu wanatupa ya kwanza wakutoe na wewe. Ukikimbia unafika, auti inakuwa moja. Ukilegea zinakuwa mbili na inningi imekufa. Wastani wako hautajua tofauti. Sekondari huku mechi ni inningi 7, auti 21 basi, ukimpa mpinzani moja ya bure umempa kitu kikubwa mno.

Ila nisidanganye, kwa watu wazima wa ligi kuu hii inapungua, walinzi wale hawaharakishwi ovyo. Kwa vijana wa miaka 16 makosa ni mengi kila mechi, wewe angalia video zako utaona. Kwa hiyo kwa umri wake miguu ina faida kubwa kuliko itakavyokuwa nayo baadaye.

Mtu atakayekuja kuniletea Pete Rose hapa nitamkatalia. Ni kweli alikuwa anakimbia hata akipewa besi bure, lakini mtu mwenye hiti 4256, hakuna aliyempita mpaka leo, si mfano wa namba ndogo. Mfano ni David Eckstein. Mfupi, kama mita 1.70, mkono dhaifu mpaka akitupa kutoka shotistopi anajitupa mwili mzima, homu rani 35 kwa misimu 10. Boston walimwachia, Angels wakamwokota mwaka 2000, akabeba ubingwa nao 2002. Halafu 2006 na St. Louis, timu iliyoingia na ushindi 83 tu, wakawafunga Detroit na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, mechi ya nne peke yake alipiga hiti nne, tatu za besi mbili.

Watu wa moyo wanamdai Eckstein ni wao. Mimi nasema ni wa wote. Mwaka 2002 aligongwa na mpira mara 27. Ishirini na saba! Alikuwa anasimama karibu na sahani, pale mpira unaporushwa kupita, na hakwepi, akigongwa anaenda zake besi ya kwanza mbio. Hiyo ni kazi, ina maumivu, na ina namba, wastani wa kupiga tu ndio hauioni.

---

Kine wa Keshero (Goma)

Mjomba, nakupongeza kwa kumufuata mutoto wa dada namna hii, lakini naomba niseme juu ya yale magoti. Minatumika kama kine, mwenye kutunza misuli na viungo, na batoto benye moyo kupita kipimo banakuja kwangu mingi kupita bavivu, mupira ao basket ni sawa.

Kuko muchezaji wa Brooklyn, Pete Reiser. Mwaka 1941 alikuwa kijana wa miaka 22, akaongoza ligi yake kwa kupiga, .343. Mwaka uliofuata kule St. Louis alifuata mpira mbio akagonga ukuta na kichwa, akavunjika fuvu, na akarudi kucheza mapema sana. Aliendelea kugonga kuta namna ile miaka yote, na ile kipaji haikurudi tena. Brooklyn walikuja kuweka mito ku kuta za uwanja wao mwaka 1948, kwake ilikuwa imechelewa.

Sisemi mutoto asikimbie. Apite besi ya kwanza akiwa amesimama, asijirushe kichwa mbele kuigusa, ule mutindo unaonekana ni wa ushujaa lakini kwa besi ya kwanza hauongezi mbio, na vidole na bega vinalipa. Kama magoti yanachunika kila wiki, dada aangalie suruali ile, iko fupi ao imechakaa, na ajifunze kuteleza kwa paja, si kwa goti. Kochi mwenye anapenda mutoto wa kukimbia ashariti ajue pia kumusimamisha.

---

Mjomba wa Himbi (Goma)

Aksanti bote, kweli aksanti. Kine, ya suruali nimemuambia dada leo leo.

Mwalimu, ekipe iko na programu yenye bazazi banaonaka kila kintu, dada alinipigia picha. Wa kwetu: 40, hiti 9, moja kati yazo ya besi mbili. Besi bure 8. Kugongwa 4. Kuiba 6, kukamatwa 1. Na hii yenye ndugu wa Dallas alisema, kufika kwa kosa la mulinzi, iko imeandikwa fasi yake pembeni: 3.

Ule mwingine: 42, hiti 13, tano za besi mbili na homu rani moja. Besi bure 1. Kugongwa 0. Kuiba 0. Kwa kosa la mulinzi 0.

Hapo njo nimefika, hesabu ni yenu.

---

Mwalimu wa Hesabu (Bukavu)

Asante Mjomba kwa kuleta za wote wawili.

Kufika besi. Wa kwetu: 9 na 8 na 4 ni 21, kati ya 52 (zile 40, na 8, na 4). Hiyo ni .404. Mwenzake: 13 na 1 ni 14, kati ya 43, ni .326. Kwa hiyo huyu wa "namba ndogo" anafika besi kuliko huyu wa "namba kubwa", na si kwa kidogo. Ukiongeza zile 3 za makosa ya walinzi, kwa macho ya mtu aliyekaa pale uwanjani mtoto wetu alikuwa besi mara 24 kati ya 52, karibu nusu. Na kuiba 6 kwa 7, hilo ni zuri bila maneno.

Lakini sitaki mtoke hapa mkisema amemshinda kote, kwa sababu si kweli. Ukihesabu besi zenyewe, hiti za besi mbili mara mbili, homu rani mara nne, mwenzake ana 21 kwa 42, ni .500. Wa kwetu 10 kwa 40, ni .250. Nusu. Yule mtoto anapiga. Kochi anayemtaka yule si mjinga wala si mwenye chuki, kuna mpira unaohitajika kupelekwa mbali ili walio besi warudi nyumbani. Nikiziweka zote pamoja kwa uzito wa kawaida, kwa kupiga peke yake mwenzake bado yuko mbele kidogo.

Kidogo. Na hapa ndipo nakujibu swali lako la kwanza, Mjomba: nguvu haiwezi kuziba shimo kubwa la namba, mtu anayefika besi .250 akimbie vyovyote, atakaa. Lakini pengo likiwa dogo kama hili, zile besi za kuiba, yale makosa matatu, ile mipira anayoizuia nyuma ya besi ya kwanza, zinatosha kuligeuza. Mimi ningempa besi ya pili mtoto wetu. Na yule mwingine ningemtafutia nafasi nyingine, si kumuacha nje.

Jambo moja la tahadhari: mara 52 ni chache mno. Hiti tatu za bahati zingebadilisha .225 kuwa .300 na tusingekuwa hapa tunaongea. Mtu asimhukumu kijana yeyote kati ya hawa wawili kwa msimu nusu.

---

Nyarugusu-Dallas

Mwalimu umemaliza. Naongeza la hapa tu: .404 kwa sekondari ni nzuri lakini isiwalevye, warushaji wa umri ule wanapoteza mipira mingi, besi bure zinapatikana. Akiendelea mbele watamrushia katikati wamlazimishe apige, kwa hiyo zile mbio zimpe muda wa kujifunza kupiga, zisiwe kisingizio cha kutojifunza.

Na Mjomba, dada asimwandikie kochi. Huku mzazi akimwandikia kochi kuhusu nafasi, mtoto ndiye anaumia. Aende mwenyewe, mapema kabla ya mazoezi, peke yake, amwambie kochi: nafika besi mara nyingi, nijaribu kama mpigaji wa kwanza, mweke yeye wa tatu anirudishe nyumbani. Asimseme mwenzake vibaya hata neno moja. Na akiambiwa ajaribu kulinda nje upande wa kushoto akubali, wapo wachezaji wengi waliopata jezi kwa kukubali nafasi ambayo hawakuiomba.

---

Mjomba wa Himbi (Goma)

Nimemupigia yeye mwenyewe, si dada. Nimemusomea ile .404, alikuwa hajue, alikuwa anaangaliaka paka .225 kila siku mbele ya kulala. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mwenzake njo .326 kweli. Nikamuambia ndiyo, na nikamuambia na ile .500 pia, ju Mwalimu alisema tusifiche. Anasema atamuona kochi siku ya tatu.

---

Kochi Katuba (Lubumbashi)

Muzuri sana Papa. Mwalimu, na miye niko na swali sasa. Hii hesabu yenu inaweza fanyika ku mupira wa batoto? Hapa minaandikaka paka goli na karata ya manjano, nimeona ile ni kidogo sana. Siko na programu, niko na kaye na biki.

---

Mwalimu wa Hesabu (Bukavu)

Kaye na biki vinatosha, Kochi. Andika majina pembeni, halafu safu tatu tu kwanza: mpira alionyang'anya, mpira aliopoteza, na mara aliyofika kumsaidia mwenzake aliyepitwa na mpira. Usiandike wewe, wewe angalia mchezo, mpe mmoja wa wale waliokaa benchi, na kila mechi abadilike. Yule mtoto wako wa kukimbia kila upande, mpe aandike yeye wa kwanza, aone kwa macho yake goli zinapitia wapi. Baada ya mechi tano nitumie picha za kurasa, nitakupigia hesabu.